Maboga Juu ya Tembe la Kaka

Kosa ni langu, ndugu zangu, wala simsingizii shetani. Jina langu sitalitaja. Wifi yangu hajui kusoma, lakini wapo watakaomsomea.

Nilipanda mbegu za maboga nyuma ya tembe langu hapa Miyuji, pale ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Mche mmoja ukashika ajabu. Ukapanda ukuta, ukatambaa juu ya paa la udongo, ukavuka mpaka kwa kaka yangu, maana tumejenga ukuta kwa ukuta. Na huko ndiko ulikozaa. Kwangu majani matupu. Kwao maboga tisa makubwa.

Nilishikwa na wivu, nakiri. Nimwagilie mimi, ale wifi! Kaka alitaka tugawane nusu kwa nusu. Nikasusa, hata salamu nikaacha kuitikia.

Mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima. Wadachi wakatuma askari kijiji kwa kijiji kutafuta chakula cha msafara. Mmoja akanikuta mlangoni napepeta uwele wangu wa mwisho. Akauliza nani mwingine ana chakula.

Ningeweza kusema sijui. Nikanyoosha mkono. "Pale juu, kwa kaka yangu. Yapo tisa."

Akawaita wenzake, yakaangushwa yote. Wifi akatoka ndani mbio, akawasihi wawaachie watoto japo moja. Hawakumwachia. Kisha yule askari akasema maboga hayajibebi, akamwelekezea kaka kiboko. "Wewe, beba. Mpaka Kondoa."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilipiga magoti, nikamwomba anibebeshe mimi. Hakunitazama hata.

Kaka aliponipita, kapu kichwani, aliniambia neno moja tu: "Waangalie watoto."

Wapagazi wenzake wamerudi. Wanasema alishikwa na homa njiani, wakaamriwa wamwache. Ni wapi hasa, kila mmoja ana lake. Nimekwenda bomani kuuliza, nikafukuzwa. Nikarudi tena, nikafukuzwa tena.

Wifi hajui nani aliyesema. Kila asubuhi nawapelekea uji wa ule uwele ulionusurika, naye hupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, wifi yangu. Bila wewe tungekufa." Nataka nimwambie, kisha naokota chungu cha jana. Narudi kwangu, nakaa.

Ninyi mnaosoma, mwenye bunduki akikuuliza jirani yako ana nini, kuwa mjinga. Sema hujui. Hata kama mmenuniana, hata kama una haki. Mimi nilijua, nikasema, na leo sijui kaka yangu amelala wapi.