Nyumba ya Mjomba Banza, Hewa Bora

Niliondoka Kamina kwa sababu mama yangu alikuwa anakufa na alimtaka mdogo wake. Hakutaka daktari, hakutaka padri. Alimtaka Sajini Banza, ambaye mama mwenyewe alimlea mgongoni, na ambaye baadaye alivishwa nishani mbele ya kikosi kizima kwa kuwavuta wenzake wanne kutoka chini ya risasi. Miaka kumi na zaidi barua zake zilitufikia, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye niliyemsomea mama: nyumba aliyopewa na serikali huko Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora, geti la kijani, vyumba vinne. Mama alizijua barua zile kwa moyo. Kwetu mwanamke hazikwi vizuri kama ndugu yake wa kiume hayupo kusema neno la mwisho kaburini. "Umulete anizike," aliniambia. Nikafunga mfuko.

Jumatatu asubuhi treni iliondoka. Ulikuwa mwaka ule serikali ya zamani ilipokuwa inaanguka na askari wake wakivua magwanda njiani. Siku mbili nzima tulikaa porini tukisubiri kichwa cha treni kingine. Hapo nilimwona askari mmoja akibadilisha suruali yake ya jeshi kwa mihogo, akabaki na chupi mbele ya mabehewa yote. Watu walicheka. Nami nilicheka, tena sana.

Jumamosi, Lubumbashi. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa vyuma, na askari wapya walikuwa wamesimama kwenye njia panda. Nilitembea kwa miguu hadi Kampemba, nikauliza njia hadi Hewa Bora, na geti la kijani nikaliona kwa mbali. Nilikuwa tayari natunga jinsi nitakavyomsimulia mama.

Nyuma ya geti hapakuwa na vyumba vinne. Palikuwa na depo ya maharagwe karibu tupu, na mwanamke mnene akifagia sakafu. Alikuwa Mama Masika, mfanyabiashara aliyekuja zamani kutoka Butembo. Nilimsalimu, nikamuuliza Sajini Banza.

"Banza? Iko ku kilio."

"Kilio cha nani, mama?"

"Ya ule mwenye alikufa." Aliacha kufagia. "Na weye njo nani?"

"Mtoto wa dada yake. Natoka Kamina."

Aliketi juu ya gunia. "Yesu wangu. Baba, kaa kwanza. Yomba yako hana nyumba. Anakulya ku kilio, analala ku kilio. Bakimaliza kuzika huku, anaenda kutafuta ingine. Mu hii miaka bantu banakufa mingi, hawezi kukosa fasi."

"Na barua zake?"

"Anaziandikia hapa, juu ya hii gunia. Mi namulindia tu karito yake." Alionyesha boksi kuukuu pembeni.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Kwetu, anayeingia msibani haulizwi ametoka wapi. Anaonyeshwa nafasi karibu na moto, anapewa bukari, yaani ugali, na samaki, na akitaka kulala analala. Lakini wapo wanaoishi kwa desturi hiyo, tunawaita wala-vilio, nasi tunawadharau kuliko wezi. Katika matanga ya baba yangu, ni mimi niliyemshika mmoja wao kola nikamtoa nje mbele ya watu, na nilisifiwa.

Alasiri hiyo Mama Masika alinipeleka barabara ya tatu kutoka pale. Wanaume walikuwa wanatundika turubai, na mzee mmoja mwembamba alikuwa akiwaelekeza, huku akifunga mafundo kwa mkono usio na vidole viwili. Mkono ule niliujua tangu utotoni. Alinitazama, na kwa kuwa nina sura ya mama, alinitambua palepale.

"Pole, mwanangu," alisema kwa sauti, kama mimi ndiye mfiwa. Kisha akanikaribia. "Usiite jina yangu hapa. Huku niko Papa Jean. Hawa basoda bapya banatutafuta, siye baaskari ba zamani."

Tulikaa pembeni. Nilimwambia mama anakufa na anamtaka. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Yaya," alisema. Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Unaona, hapa nalia kila siku. Kwanza nauliza jina ya marehemu, juu huwezi kulilia muntu bila jina. Nikisha kusikia jina, machozi inatoka yenyewe. Lakini ya yaya..." Aligusa macho yake. Yalikuwa makavu.

"Twende, mjomba. Treni ni Jumatatu."

"Atauliza nyumba."

"Tutamwambia ukweli."

"Ukweli gani? Alinibeba mu mugongo! Aliuza mbuzi yake juu nisome. Bantu bote banaona mi ni takataka. Kwake tu njo ningali mukubwa. Uniapie hautamuambia."

Niliapa. Alinishika mkono kwa vidole vyake vitatu, akasema atakuja stesheni akisha kumzika yule marehemu, maana amekula kwao na hawezi kuwaachia maiti wao. Nilimheshimu kwa neno hilo.

Jumatatu nilisubiri kwenye behewa mpaka kengele ikalia. Aliyekuja mbio ni Mama Masika, na kitambaa mkononi. Ndani yake kulikuwa na nishani ya mjomba.

"Alifika mpaka ku mulango ya gare," alisema, akionyesha lango la stesheni. "Akaona basoda banafungua mifuko ya bantu, akaniachia hii, akarudia. Lakini mi namujua. Haikuwa basoda. Ilikuwa aibu."

Ningeweza kushuka nimfuate. Hakuna aliyejua treni nyingine ingeondoka lini, na mama alikuwa anahesabu pumzi. Nilificha nishani ndani ya soksi, nikabaki.

Kamina tulifika Jumapili. Mama alikuwa hai. Hakunitazama mimi, alitazama mlango nyuma yangu.

"Banza iko wapi?"

"Hakupata nafasi, mama."

"Nyumba yake uliiona?"

"Niliiona. Geti ni la kijani."

Nilimwekea nishani kiganjani. Aliipapasa, akaiacha ianguke kitandani.

"Hii chuma njo itanizika? Muntu wa vyumba vinne, anakosa siku moja ya dada yake!"

Akageukia ukuta. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu: mama, hana hata kimoja, anaogopa usije ukamwona hivyo. Lakini nilikuwa nimeapa. Siku tano nilimlisha uji huku nikiyameza, na jina la Banza hakulitaja tena. Ijumaa alikufa, akiamini mdogo wake amemdharau.

Nikiulizwa nilichojifunza Lubumbashi, nasema hivi: nililinda heshima ya mtu mmoja, na mwingine ndiye aliyeilipia. Sijui hadi leo kama nilipaswa kuvunja kiapo. Najua tu kwamba nakichukia.

Siku ya pili ya matanga, saa sita mchana, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa wakimtukana Banza na nyumba yake. Mzee nisiyemjua aliingia, viatu vimefungwa kwa kamba, akaketi karibu na moto. Binamu yangu alinijia mbio.

"Huyu hatumujui. Nimutoe?"

"Mwache."

Nilimpelekea sahani mimi mwenyewe. Hakuigusa.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Ngoie," nikamwambia. "Na kama una machozi, baba, mulilie kama wewe ndiye mdogo wake. Alikuwa anamusubiri."

Mzee aliweka sahani chini, akavua kofia, akaanza kuita, "Yaya Ngoie! Yaya Ngoie, nimefika!"