Hatua Arobaini Nyuma ya Zizi la Mbuzi

Nimekosa, na walioumia si mimi. Naanza na hilo kabla sijatafuta pa kujificha, maana kwa kujificha najijua.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, kwetu Karatu. Sisemi sana. Nikiulizwa swali darasani natazama kucha zangu. Ninayotaka kusema nayaandika kwenye daftari langu, kila siku, tangu darasa la sita: nani kasema nini, tumekula nini, uji ulikuwa mzito au maji matupu. Bwenini wananicheka. "Dada, maharage ya leo umeyapa maksi ngapi?" Nanyamaza. Ndivyo nilivyo.

Mwaka jana nikajitia kichwani kwamba naweza kuandika gazetini. Kuna gazeti lenye ukurasa wa vyakula, lilikuwa linatufikia shuleni likiwa limechakaa kwa safari, nasi tunalisoma mpaka linachanika. Nikaandika habari za makande ya mama yangu. Yakarudi.

Nikaandika habari za viazi vya Oldeani. Navyo vikarudi! Lakini safari hiyo mhariri, mama mmoja mwenye mwandiko wa kulala, aliniwekea barua ndani. Ninayo mpaka leo. Alisema: "Mwanangu, kuandika unaweza. Ila chakula chako kinaelea hewani. Mahindi yametoka wapi? Nani kayapanda, mahali gani? Nikikusoma nataka niweze kwenda mwenyewe mpaka kwenye chungu."

Barua hiyo niliisoma hadi mikunjo yake ikatoboka. Na simlaumu yule mama, msinielewe vibaya. Alinifundisha kazi, tena alinifundisha vizuri.

Likizo ya Juni rafiki yangu akanialika kwao. Nitamwita Nasieku, silo jina lake. Ni Mmasai wa huko ndani Ngorongoro, mbele ya kreta, kijiji ambacho leo sikitaji. Bwenini kitanda chake kilikuwa chini ya changu. Mama yake alifariki zamani, na bibi yake, wanayemwita Koko, ndiye anayemlea pamoja na wadogo zake wanne. Nasieku alikuwa mtu pekee asiyenikatisha. Nikichelewa kutoa neno, yeye anasubiri tu, mpaka litoke.

Tulipanda lori lililopeleka dawa ya josho, tukashuka tuna vumbi hadi kwenye kope. Koko alikuwa mlangoni. Nikainamisha kichwa kama nilivyoelekezwa njiani, akaniwekea kiganja utosini. Akanisemesha kwa Kimasai, Nasieku akanitafsiria. Nikatazama kucha zangu.

"Huyu hana mdomo?" Koko akamuuliza mjukuu wake.

"Anao, Koko. Ila anautumia kulia chakula tu."

Koko akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi tumpe kazi huo mdomo."

Tukapewa loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa yakaiva kabisa, halafu yakachanganywa na maziwa ya mgando. Jamani! Mimi ni mtoto wa wakulima, mahindi nimeyala tangu sijaota meno, lakini matamu vile sikuwahi kuyaonja. Ndipo mimi, nisiyeuliza kitu, nikauliza.

"Haya mahindi yametoka wapi?"

Wakatazamana.

Niwaambie jambo moja msiokaa huku. Ndani ya hifadhi kulima ni marufuku, hata shina moja la mahindi. Na nilijua. Hakuna mtu wa Karatu asiyejua. Lakini ng'ombe wa Koko walikuwa wamekwisha kwa ndigana, ile homa ya kupe, wamebaki watatu, na ng'ombe watatu hawawezi kulisha watu sita. Kwa hiyo Koko alikuwa na kishamba.

Alinitazama, akamwambia Nasieku kitu kwa Kimasai. Nasieku akanitafsiria akitabasamu: "Anasema twende tukuonyeshe. Anasema wenye kelele ndio wa kuogopwa, wewe ni salama."

Nyuma ya zizi la mbuzi palikuwa na boma la zamani, samadi ya miaka na miaka. Koko alipazungushia miiba, ukipita unadhani ni zizi lililoachwa. Ndani sasa! Mahindi yamenipita kichwa, maharage yanayapanda, na maboga yamelala chini. Toka zizini nilihesabu hatua. Arobaini. Ndiyo tabia yangu, nahesabu vitu, nikifika kitandani naviandika.

Siku ile niliandika yote, na mwisho nikaandika: *Isisemwe.* Nikapigia mstari. Mstari ule bado upo, nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Tuliporudi shuleni nikaanza kuandika habari za loshoro ya Koko. Mara ya kwanza sikutaja mahali. Ikasomeka kama makande yangu ya zamani, inaelea. Nikachana. Mara ya pili nikachana. Mara ya tatu nikaweka kila kitu.

Nilijiambia gazeti liko Dar es Salaam, kule kwa Koko nani ana habari nalo? Nilijiambia jina lake sikulitaja, nimesema "bibi mmoja". Lakini kijiji nilikitaja! Zizi nililitaja! Hatua nilizitaja! Jina pekee nililoliandika kwa herufi kubwa lilikuwa langu, nikalipigia na mstari ili wasije wakakosea.

Nasieku sikumwonyesha. Nilijidai nataka kumfurahisha ghafla. Uongo. Niliogopa angesema usitume.

Ikatoka. Mungu wangu, ikatoka yote, bila kupunguzwa hata sentensi! Mwalimu wa Kiswahili aliibandika kwenye ubao wa matangazo. Bwaloni wakanipigia meza: "Mwandishi! Mwandishi!" Siku ile niliongea kuliko mwaka mzima, wala sikujishangaa.

Nasieku aliisoma akiwa amesimama, kidole juu ya karatasi. Kidole kikafika mahali kikasimama.

"Umewaambia," akasema.

"Ni gazeti tu, dada."

Akachukua ndoo yake. Akaenda kufua.

Baada ya wiki tatu akaitwa nyumbani. Aliporudi alikuja kuchukua godoro lake. Nilimkuta anafunga kamba, nikakaa pembeni, nikawa natafuta neno. Safari hii hakulisubiri.

"Walikuja watu wanne wa hifadhi, na mapanga," akasema. "Wadogo zangu waliwaona. Mmoja alikuwa na kile kipande cha gazeti. Akasimama kwenye zizi, akaanza kutembea anahesabu kwa sauti. Koko alikuwa anakamua mbuzi. Akamsikia anahesabu, hakujua anahesabu nini."

"Nasieku, mimi..."

"Ni arobaini kweli," akasema. Akavuta kamba ikakaza. "Umeandika vizuri."

Walifyeka yote. Hata maboga waliyapasua. Koko akakaa mahabusu siku mbili, na magoti yake yale mabovu. Sasa chakula chao ni unga wa njano wa msaada, wa kufuata kwa punda, na wa kwenda na punda ni Nasieku, maana wadogo zake hawawezi. Kwenda siku nzima, foleni siku nzima, kurudi siku nzima. Shule haiwezi kumsubiri mtu wa hivyo.

Kitanda cha chini kilipewa msichana mwingine. Ni mwema, ila nikichelewa kutoa neno ananimalizia.

Likizo ya Desemba nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu, kurasa tano, nikayakariri kwenye lori. Nilipomwona Koko mlangoni yakanitoka yote. Nikainamisha kichwa. Nikakaa hivyo, nasikia nzi tu. Shingo ikaanza kuuma. Nilidhani ameingia ndani kaniacha. Halafu kiganja kikaja, kikagusa, kikaondoka.

Tulikula ugali wa ule unga wa njano, na maziwa kidogo yaliyopewa watoto kwanza. Nikawa nageuza tonge mkononi. Koko akaniona. Siku zote huwa ananisemesha kupitia mjukuu wake, lakini siku ile alinitazama akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, polepole:

"Kula. Na huu pia andika. Huu hauna shamba."

Nasieku hakucheka. Alikuwa anamtoa punda mawe kwenye kwato, hakuinua uso. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nimesikia." Lori likaja.

Nimechoka. Sijui niseme nini kingine. Nimechoka na daftari langu, nimechoka na macho yangu yanayohesabu kila kitu. Wanafunzi wenzangu bado wananiita Mwandishi, nikilisikia jina hilo natamani kuzama ardhini.

Wewe mwenzangu unayetaka kuandika vyakula, nakuomba. Watakufundisha utaje mahali, na ni kweli, habari inanoga. Lakini ukikaribishwa chakula, mwambie mwenye chungu kwamba unaandika. Mwambie kabla hujanawa mikono, siyo baada. Akisema hapana, kula, shukuru, funga daftari. Na kama unaogopa kumuuliza, ujue jibu tayari unalo. Mimi nilikuwa nalo, tena kwa mwandiko wangu, na mstari chini.

Na nyie wapole wenzangu, msijisifu kwamba hamna mdomo. Mimi nilisifiwa hivyo.

Mama mhariri, uliniandikia tena ukiniomba nyingine. Nilichelewa kujibu. Nyingine ndiyo hii. Samahani, safari hii hutaweza kufika kwenye chungu, njia yote nimeifuta. Na jina langu, lile nililolipigia mstari, naomba msiliweke.