Ngazi Zilizopimwa kwa Goti la Mama

Sijui ni nani aliyekubali, na kwa niaba ya nani, kwamba jengo likisimama sifa ziende kwa aliyeshika karatasi, si kwa aliyeshika mwiko. Mimi nina digrii, na karatasi nimezishika tangu ujana wangu. Kwa hiyo naomba niaminiwe ninaposema kwamba karatasi haijapata kumfikisha mtu kileleni. Wifi yangu amemfikisha.

Ni dada wa mume wangu, mwashi kwa kazi, mfupi wa kimo na mpana wa mabega. Mtaani humwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye chuma kizito ambao waashi hupimia kama ukuta umenyooka. Akiingia nyumba ya mtu, hutazama kuta kwanza, ndipo asalimu. Siku ya harusi yangu alininong'oneza kwamba fremu ya mlango wa ukumbi imeinamia kushoto, kisha akanikumbatia na kunitakia heri. Nilimchukia kwa muda wa wiki mbili. Tangu hapo sijaweza tena.

Mwaka juzi halmashauri ilimwajiri azijenge upya ngazi za rasi. Rasi yetu ni jabali lililojitokeza baharini kama goti lililokunjwa. Ukifika nchani, maji yako kulia, kushoto na mbele yako, bluu iliyokolea hadi inaumiza macho. Na ukigeuka nyuma, mji mzima ni mdogo kama vyombo vilivyoanikwa juani. Watu hutoka mbali kwenda kushinda pale na vikapu vyao vya chakula. Lakini ngazi za zamani zilikuwa za mbao, na chumvi ilikuwa imezila.

Michoro aliyokabidhiwa ilitaka kila kipandio kiwe na kimo cha sentimita kumi na saba. Aliitazama, akaikunja mara nne, akaenda kwa mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu.

"Mama, nyanyua goti. Likianza kuuma, sema."

"Hapo. Hapo hapo, usinimalize!"

Pale goti lilipogomea, akachonga alama kwenye fimbo ya mama. Ilikuwa sentimita kumi na moja na nusu. Kwa alama hiyo alipima vipandio mia mbili arobaini na vitatu, miezi kumi na mmoja ya jua na upepo, akichonga mawe palepale jabalini. Na kila cha tisa alikifanya kipana, watu wawili wakae bila kubanana, kwa sababu mama, akipanda ngazi yoyote duniani, huomba kupumzika kwenye ya tisa.

Mama alikuwa hajafika nchani kwa miaka kumi na miwili. Hakulalamika. Aliuliza tu, kila tulipotoka huko, kama upepo wa kule bado unavua watu vilemba.

Jumamosi ya ukaguzi tulikwenda wote watatu, tukiwa na kapu la chakula na mkeka, kwa nia ya kushinda. Kamba ilikuwa imefungwa chini ya ngazi. Mkaguzi akipitisha kazi, kamba itafunguliwa. Akiikataa, mawe yatang'olewa na vipandio virudishwe kwenye kimo cha mchoro, na mama abaki chini na maswali yake ya upepo. Pembeni ubao mpya ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Ulitaja jina la mhandisi, la mwenyekiti, na la aliyetoa rangi ya ubao wenyewe. La mwashi halikuwepo.

Mkaguzi alitokea juu. Gari lake lilikuwa limepita barabara ya nyuma, inayoruhusiwa magari ya ofisi peke yake, na sasa alikuwa akishuka na futi kamba mkononi, akipima, akiandika, akitikisa kichwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vya ngozi vilivyong'aa.

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi," wifi akasema.

"Fundi, vipandio vyote ni vifupi. Vyote! Umekosea mara mia mbili arobaini na tatu."

"Ningekosea mara moja, ungesema bahati mbaya. Mara zote hizo, jua nimekusudia."

Hapo nikaingilia. "Bwana mkaguzi, hivi unafahamu kwamba haki ya raia kufika mahali pa umma..."

"Wifi," akanikata, "leo chuo kimefungwa." Kisha akamgeukia mkaguzi. "Gari lako liko wapi, bwana?"

"Juu."

"Basi karibu tupande. Ngazi haipimwi kwa kushuka. Kushuka hata jiwe linashuka."

Alifungua kamba. Mkaguzi akatangulia kwa hatua za mtu mwenye miadi. Mama akafuata na fimbo yake, mimi nikiwa nimebeba mkeka na hasira zangu. Kila cha tisa mama alikaa, akashusha pumzi, akasimama. Mkaguzi hakukaa. Alifuta jasho kwenye cha thelathini na sita, akafungua kifungo cha shati kwenye cha hamsini na nne, na kwenye cha sabini na mbili akajitupa chini, akaweka faili mapajani na kuanza kuandika kwa bidii, kana kwamba alikuwa amesimama kwa ajili hiyo tu.

"Unaandika nini?" wifi akamuuliza.

"Hivi vipandio vipana. Havimo kwenye mchoro, na havina kazi."

Mama alitufikia polepole, akampiga mkaguzi begani kwa upande wa fimbo.

"Sogea kidogo, mwanangu, nami nikae pasipo na kazi."

Mkaguzi alisogea. Ndipo alipotazama alipokuwa amekaa. Uso ulimwiva, kisha, kwa heshima yake nasema, akacheka mpaka kalamu ikamponyoka.

"Una umri gani, mama?"

"Sabini na tisa. Goti la kulia lina mia."

Aliomba fimbo. Akaipima alama kwa futi, akainuka, akaanza kupima vipandio vya juu kwa fimbo yenyewe, kimoja baada ya kingine, safari hii akipanda. Alipima arobaini na vitano. Tofauti haikuzidi unene wa kucha. Alipotusubiri kwenye kipana kingine, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kinachoangusha watu ni vipandio visivyolingana," akasema. "Hivi vinalingana kuliko vya ofisini kwetu. Nitaandika vibaki. Ila upande wa bahari pawe na chuma cha kushikilia."

"Chuma hicho nimekiomba mara tatu kwa barua," wifi akajibu. "Andika ya nne wewe, labda mwandiko wako unasomeka."

Tulifika juu saa tano. Upepo ulimvua mama kilemba papo hapo, na yeye, kichwa wazi, mvi zikimpepea, alisimama akitazama maji pande zote tatu. Wifi alikuwa ameipa bahari mgongo: alikuwa akikagua ukuta wa kibanda cha mlinzi.

"Umeinama," akasema kwa masikitiko.

Ubao bado haujabadilishwa. Nimeandika kwa halmashauri, na nitaendelea kuandika. Wifi ananiambia niache, chumvi itaula kama ilivyokula mbao. Siwezi, sina subira ya mwashi.

Wakati wa kushuka, mama alikaa tena kwenye kipana cha kwanza.

"Umechoka, mama?" nikamuuliza. "Kushuka si kazi."

"Sijachoka," akasema, akilaza fimbo mapajani. "Nimekaa kwangu."