Makalio ya Rubani Cveto

Cveto Rakar alikuwa rubani hodari kuliko wote chini ya milima ya Karavanke, ila hakuwahi kuondoka ardhini. Tangu astaafu kazi ya kiwanda cha viatu, alikuwa akirusha ndege isiyo na injini kwenye kompyuta, pale sebuleni, amevaa kofia ya jua na miwani myeusi. Mkewe Zinka akimwita mezani, alijibiwa kwamba kuna hewa nzuri inapanda juu ya mteremko na kuibeba ndege, na rubani mwenye akili zake haiachi. Supu ya kabichi na maharage ikapoa. Hewa ikaendelea kupanda.

Majira ya baridi, theluji ilipofunika uwanja wa nyasi wa kurukia, wanachama wa klabu ya ndege ya hapo nao walishindana kwenye programu hiyohiyo, kila mtu kwake. Cveto aliwapiga wote bila huruma, kisha akawafuata baa kuwaeleza walikosea wapi. Alichotaka hasa ni kimoja, na kilimkosesha usingizi: wamwite rubani, wamwekee kiti kwenye meza yao ndefu. Wao walimwita bingwa wa kochi.

Theluji ilipoyeyuka, Jerneja, mwalimu wa klabu, akamwambia aje waruke pamoja. Cveto akadai mgongo unamsumbua. Zinka akasema mbele za watu kwamba mgongo huohuo hukaa kitini kutwa nzima bila malalamiko. Ikabidi aende.

Ndege ya kuwavuta ilipowaachia huko juu, kukawa kimya. Jerneja akazima kile kifaa kinacholia pii pii hewa inapopanda, ambacho ndicho Cveto alichokitegemea maisha yake yote ya sebuleni.

"Haya, mzee wangu, hewa iko wapi?"

"Umenizimia kifaa, nitajuaje?"

"Kwa makalio. Hewa ikipanda, kiti kinakusukuma. Unasikia nini?"

"Nasikia tumbo."

Na tumbo halikumdanganya. Alitapika ndani ya kofia yake ya jua, mkono wa pili ukipapasa kutafuta kitufe cha kusimamisha mchezo.

Waliposhuka, klabu nzima ilikuwa ikingoja. Desturi ya pale, anayerudi kutoka safari yake ya kwanza ya peke yake huinamishwa, kila mwanachama akamchapa kofi moja la makalio, ili yaamke yaanze kuisikia hewa. Cveto hakuruka peke yake, kwa hiyo hakustahili. Lakini Jerneja akatangaza kwamba makalio yaliyolala miaka yote hiyo hayawezi kungojea sheria. Wote aliowashinda wakajipanga, wengine wakikunja mikono ya mashati. Cveto akainama upesi kabla hawajabadili nia. Kila kofi lilipotua alizidi kufurahi, maana huko ndiko kupokewa, na machozi yaliyomtoka hayakuwa yote ya maumivu.

Kofi la mwisho lilimwinua visigino. Akageuka, akamkuta Zinka.

"Na wewe umekuwa mwanachama tangu lini?"

"Hilo ni la supu," akasema Zinka, akijipuliza kiganja.

Jioni ile walimwita rubani, wakamwekea kiti kwenye meza ndefu, kile alichokililia msimu mzima. Hakuweza kukikalia. Alikula amesimama, na supu, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, ilikuwa ya moto.