Weusi wa Mswada

Mtunza miswada wa maktaba ile hakohoi karibu na karatasi. Kikohozi kikimjia, huenda kukimalizia koridoni, kisha hurudi akipangusa vidole kwa kitambaa kilichochakaa. Ukitoa kalamu ya wino mbele yake, atakutazama kana kwamba umechomoa kisu. Asubuhi ile alikuwa ameinamia kurasa mbili zilizogandana kwa unyevu, akipenyeza ubapa wa mfupa katikati yake, na dada aliyeuleta mswada huo, ulioandikwa na marehemu mama yake, alikuwa amesimama kando yake akitazama. Nakala nyingine hakuna. Mara karatasi ikalia.

“Taratibu, mzee wangu, utaichana!”

“Ukinisemesha ndiyo itachanika.”

Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Kurasa zikaachana zikiwa nzima, zimejaa mistari iliyokatwakatwa na madoa ya wino. Dada akainama kuyatazama.

“Basi yafute hayo madoa, mzee. Mama alikuwa msafi, watu wasije wakamcheka.”

Mtunza miswada akauweka ubapa chini. “Neno mswada asili yake ni Kiarabu, binti yangu. Maana yake ni kitu kilichotiwa weusi. Usafi huja ukishanakili. Hapa mama yako alikuwa bado anahangaika.”

Akauelekeza ukurasa kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba cha marehemu, nyeusi tii. Yeye ambaye haruhusu mtu kugusa hata ncha ya karatasi, akamsogezea dada ukurasa, kisha akampa kile kitambaa.

“Pangusa mikono kwanza.”