Nilivuta Mkuki wa Nadhiri ya Mzee

Nilikosa. Wacha nianze hapo, kwa sababu nikianza kwingine nitajitetea, na sina cha kujitetea.

Mimi ni soja wa geti huko Kileleshwa, kwa familia moja ya Watamil waliotoka kisiwa cha Morisi. Miaka sita nimewafanyia kazi na hawajawahi kunitolea neno baya. Nyumbani kwangu ni Kabiria, nina mke na watoto wanne, na ni Mkristo wa kuokoka. Ndiyo, wa kuokoka. Shangaeni tu.

Mwenye nyumba, ambaye namwita Mzee, alipenda kuketi nami getini akinihadithia kwao. Alisema kule kisiwani sikukuu ya mmoja ni ya wote. Idi wanaletewa biriani na jirani Mwislamu, Krismasi wanaenda kula keki kwa Wakristo. Na ikifika sikukuu yao ya Kihindu ya Kavadi, polisi wanafunga barabara, na Wachina na Wakristo wanasimama kando wakiwapa maji. Mimi nilimcheka. Nikamwambia huku kwetu hata makanisa mawili kwenye ploti moja yanashindana kwa spika.

Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa ameugua saratani. Mzee akaweka nadhiri kwamba akipona, atabeba kavadi kwa miguu kutoka nyumbani hadi hekaluni. Mama akapona. Kavadi ni tao la mbao lililopambwa kwa maua, linabebwa begani, na kila upande kumefungwa chungu cha shaba chenye maziwa. Anayelibeba hufunga siku kumi. Siku yenyewe anatobolewa ulimi kwa mkuki mdogo wa fedha, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na hasemi tena mpaka afike.

Siku moja kabla, Mzee aliniita jikoni.

“Kesho mimi hapana weza sema,” akaniambia. “Wewe tembea mbele. Mtu akiuliza, wewe ndiyo mdomo yangu. Sawa?”

“Sawa, Mzee. Usijali.”

Tulitoka saa tatu asubuhi. Mzee alikuwa miguu mitupu, amevaa nguo ya waridi, ndimu zimening'inizwa kifuani kwa ndoana, ulimi uko nje na mkuki umepita katikati. Hakukuwa na hata tone la damu. Nyuma yake walifuata Mama na jamaa wawili, mmoja akipiga ngoma. Mimi mbele na sare yangu, najiona mtu.

Tulipofika steji ya bodaboda, watu wakaanza kujaa. Mmoja akasema huyo mzee anateswa, ametekwa na watu wake. Mwingine akasema hapana, ni sadaka ya shetani, angalieni zile ndimu. Wakatufungia njia kwa pikipiki. Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye Mwafrika pekee kwenye ule msafara.

Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu, jamani! Anatimiza nadhiri yake.

Lakini katikati ya ule umati nilimwona mama mmoja wa kanisa letu, anayefulia watu nguo mitaa hiyo. Akanitambua, akaniuliza, “Baba, kwani wewe uko na hawa watu wa mashetani?”

Niliona haya. Nikaona Jumapili nzima watu wakinisengenya. Nikasema, “Zii, siwajui. Hata mimi nashangaa tu.”

Mtu mmoja akasema kama huwajui mbona umevaa sare ya soja wao. Wakanisogelea. Nikaogopa watanipiga mimi. Basi ili waone siko upande huo, nikageuka, nikamshika Mzee shingoni, nikaushika ule mkuki, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Ulimi ulipasuka mpaka nchani. Nilisikia ukipasuka. Damu ikanirukia usoni, ya moto.

Umati uliona nimeanza, ukamalizia. Walimpiga mateke ya mbavu, mawe, kofia ngumu za bodaboda. Ngoma ilitobolewa, Mama akaburutwa kwa nywele mpaka mtaroni. Na Mzee, Mungu wangu, Mzee hakujikinga! Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kavadi ili maziwa yasimwagike. Walimvunja mkono wa kushoto ndipo akaachilia. Polisi walipofika na kupiga risasi hewani, maziwa na damu vilikuwa vimechanganyika kwenye lami, na mimi nimesimama kando na ule mkuki mkononi.

Alilazwa wiki saba. Ulimi ulishonwa, lakini hazungumzi. Anatoa sauti tu, na wajukuu wake wanaiogopa.

Sasa sikieni kinachonila. Mama na wale jamaa walikuwa nyuma ya kavadi, hawakusikia nilichosema; Mama aliuona tu mkuki mkononi mwangu, akaelewa vingine. Anaambia kila mgeni kwamba mimi ndiye niliyejaribu kuutoa nimwokoe mumewe. Ananiletea chakula getini mwenyewe, kwa sahani zao nzuri. Nami nakula.

Mzee anajua. Aliniangalia machoni wakati ule. Na mkono wake wa kulia ni mzima, anaandika. Wiki iliyopita nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamuuliza kwa nini hajasema. Alichukua kalamu, akaandika polepole: “Mama akijua atakufukuza. Watoto yako itakula nini?”

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Afadhali angenishtaki!

Ndugu zangu, ukiona mtu anaomba Mungu kwa njia usiyoijua, muulize kwanza. Na wewe uliyeambiwa tayari, ukaulizwa, sema, hata kama kanisa zima linakutazama. Aibu yangu ya dakika moja ndiyo iliyopasua ulimi wa mtu.

Na Mama, kama unasoma hapa: sikuwa namwokoa. Niliulizwa kama nawajua, nikasema siwajui. Halafu nikavuta.