Karanga za Posa ya Mama Mdogo

Harufu ya sukari inayoanza kuungua hainipiti bila kunichekesha. Juzi nilikuwa natoka dukani hapa Chang'ombe, ikanijia kutoka dirisha la jirani, tamu kwanza, halafu chungu kidogo puani. Nikasimama njiani na mfuko wangu wa nyanya, nacheka peke yangu. Kijana wa bodaboda akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mgonjwa. Yeye nilimwacha apite. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa darasa la tano, nikiishi kwa babu na bibi, wazazi wa mama yangu. Tulikaa nao pamoja na mama mdogo Rehema, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri majibu ya maombi ya chuo. Karanga za sukari za nyumba yetu zilijulikana mtaa mzima. Bibi alikuwa akienda mwenyewe sokoni Majengo kuchagua karanga, zile ndogo nyekundu, na alizitafuna mbele ya muuzaji bila haya mpaka aridhike. Lakini mpishi alikuwa Rehema. Aliweka karanga, sukari na maji kidogo kwenye sufuria, akawasha jiko la gesi na kuanza kukoroga. Maji yakikauka, sukari ilikuwa ikigeuka mchanga mkavu na kuzing'ang'ania karanga, ukiangalia unasema chakula kimeharibika. Hapo alikuwa akipunguza moto na kuendelea kukoroga taratibu, na ule mchanga ulikuwa ukiyeyuka tena, karanga zikang'aa kama shanga. "Hapa ndipo wenzangu wanapotupa mwiko," alikuwa akiniambia kwa maringo.

Mwaka huo ikaja posa. Mposaji alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mzima, mpole, ambaye kosa lake kubwa nililoliona mimi ni kwamba alipiga chafya kwa sauti ya kutisha. Babu alimpenda. Akatuambia wakati wa chakula, kwa furaha kabisa, kwamba Ijumaa baada ya alasiri wageni watakuja: mshenga, mzee Saidi, na dada mkubwa wa mposaji, Hajati, ambaye alitaka kuonja mkono wa binti kabla mambo hayajaenda mbele.

"Kwao wageni hawakatiki," babu alisema. "Basi atawapikia zile karanga, wajue wamefika wapi."

Rehema aliitikia, "Sawa, baba," akakusanya sahani. Mimi nilikuwa juu ya mawingu. Nilikuwa nimeahidiwa gauni la harusi lenye marinda, na kila usiku nililala nalo kichwani.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya Agosti, upepo unavuma na kuleta vumbi mpaka kwenye chai. Tulifunga madirisha tukaanza kazi mapema, jua bado halijafika utosini. Nilipepeta karanga, Rehema akawasha jiko. Maji yakakauka, mchanga ukaja. Nikasubiri apunguze moto. Hakupunguza. Alisimama na mwiko mkononi anaangalia ukuta, macho yamejaa, na sufuria ikaanza kutoa moshi mwembamba wa bluu.

"Mama mdogo, zinaungua!"

Hakugeuka. Nikapiga kelele ya kumwita bibi, kana kwamba nyumba nzima inateketea. Bibi akaja na kanga yake begani. Akachungulia sufuria. Akamtazama Rehema usoni, akamtazama tena, muda mrefu sana kwa mwanamke ambaye kwa kawaida angekuwa ameshagomba.

"Bibi, karanga nyingine zipo," nilisema haraka. "Na sukari ipo. Nikuletee?"

"Hakuna muda," bibi alisema. "Zimimine hivyo hivyo kwenye sinia."

Nilishangaa. Hata adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa. Lakini kwa bibi hakuna aliyeuliza mara mbili. Rehema akamimina. Zikaganda kipande kimoja cheusi, mithili ya lami ya barabara, na bibi akakivunja kwa mchi wa kinu.

Wageni walifika, wakasalimiwa, wakapewa chai na zabibu za Makutupora. Kisha bibi mwenyewe, si Rehema, akaleta sinia, amelifunika kitambaa kizuri cha kufuma. "Karibuni," alisema, kwa sauti ya asali. "Mkono wa binti yetu."

Hajati akatia kipande kimoja mdomoni. Nikaona taya lake linakwenda, linasimama, linakwenda tena. Mzee Saidi, kwa heshima ya kazi yake, aliuma kwa nguvu. Ukasikika mlio. Akashika shavu, akageukia ukuta, na alipogeuka tena meno yake ya bandia ya juu yalikuwa kwenye leso pamoja na karanga zetu, yameng'ang'aniana.

"Mashaallah," alisema kwa sauti ya kibogoyo. "Zimeiva."

Babu naye alikuwa na kipande mdomoni. Hakuweza kukitafuna wala kukitema mbele ya wageni, hivyo mazungumzo yote yaliyobaki aliyaitikia kwa kichwa. Zabibu ziliisha zote.

Wiki iliyofuata mzee Saidi alileta jibu, kwa adabu sana: upande wao wameona binti bado mdogo, ni heri asome kwanza. Babu alinuna siku kadhaa. Mimi nililia kwa ajili ya gauni langu. Rehema alifagia uwanja anaimba, na majibu ya chuo yalipotoka, akaenda kusomea uuguzi.

Sasa ni muuguzi, ana mume aliyemchagua mwenyewe, na karanga zake bado zinang'aa. Babu alishatutoka. Miaka mingi niliamini siku ile ilikuwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa bahati njema. Ni mpaka nilipokuwa na binti yangu mwenyewe ndipo jambo moja lilianza kunisumbua, na mwaka jana, tukiwa tunachambua mchele barazani, nikamuuliza bibi.

"Bibi, siku ya posa ya mama mdogo muda ulikuwepo. Karanga zilikuwepo. Kwa nini hatukupika nyingine?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo.

"Mwanangu alikuwa analia mbele ya moto na hasemi," alisema. "Angesema, baba yake angeaibika, na yeye mwenyewe angeonekana hana adabu. Na babu yako alishawakaribisha watu. Mimi ningesema nini?"

"Kwa hiyo ukapeleka sinia."

"Nikapeleka sinia." Akatupa kijiwe pembeni, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Ila meno ya mzee Saidi, hayo sikuyapanga."